Mwongozo kamili: jinsi ya kufuatilia mwenendo wa FOP, ugonjwa unaogeuza misuli kuwa mfupa

Huu mwongozo ni wa daktari, mwanafunzi wa udaktari, mfiziotherapia, nesi wa kliniki ya watoto, na pia mzazi ambaye mwanae ana huu ugonjwa na anataka kujua watafiti wanafanya nini na kwa nini wanauliza maswali yaleyale kila mwaka. Nitaongea kwa lugha ya kawaida lakini mambo ni serious, maana kwenye FOP mtafiti asiye makini anaweza kumuongezea mgonjwa ulemavu siku hiyohiyo anapompima.

Jina lake refu ni fibrodisplazia osifikansi progresiva, watu wote wanaita FOP. Misuli, kano na ligamenti zinageuka kuwa mfupa halisi, sio chokaa tu iliyoganda pale, ni mfupa kabisa wenye uboho ndani, na ukishaota haurudi nyuma. Ukiukata unaota mwingine, mara nyingi mbaya zaidi. Anapata mtu mmoja hivi katika kila milioni moja au mbili, haijalishi kabila wala nchi. Chanzo ni badiliko kwenye jeni inayoitwa ACVR1, lilitangazwa Aprili 2006 na timu ya Eileen Shore na Frederick Kaplan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Philadelphia, na karibu wagonjwa wote wana badiliko lilelile moja, R206H. Mara nyingi sana wazazi hawana, mtoto ndo wa kwanza kwenye ukoo, kwa hiyo tafadhali usimruhusu mtu yeyote amlaumu mama.

Sasa kufuatilia mwenendo maana yake unaangalia ugonjwa unavyokwenda wenyewe bila wewe kujaribu dawa yoyote. Wengine wanaona ni kama kukaa tu unaandika watu wanavyoumia, hapana. Ugonjwa ukiwa adimu hivi huna watu wa kutosha kugawa makundi mawili makubwa, hawa wapewe dawa hawa wapewe vidonge vitupu, kwa hiyo rekodi nzuri ya watu wasiotumia dawa ndo inakuwa kipimo cha kila dawa itakayokuja. Hapo mwisho nitakuonyesha ilivyotokea kweli.

Hatua ya 1: jua ugonjwa unavyotembea kabla hujapanga chochote

FOP ina ramani. Inaanzia mgongoni na shingoni, mabegani, karibu na kati ya mwili na juu, ndo inashuka chini na kwenda mbele, nyonga, magoti, mwisho mwisho vifundo. Kuna misuli inaachwa, yaani kiwambo cha kupumulia, ulimi, misuli ya macho, moyo na misuli laini ya utumbo. Kwa hiyo mtoto mwenye uvimbe mgumu mgongoni akiwa na miaka 3 au 5 yuko ndani ya ramani.

Kazi ya zamani inayotajwa sana ni ya 1993, walikusanya historia za wagonjwa 44 wakakuta mfupa wa kwanza huanza wastani wa miaka 5, na kufika miaka 15 zaidi ya asilimia 95 walikuwa mikono yao imefungwa vibaya. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini nasisitiza watoto chini ya miaka 15, hapo ndo ugonjwa unakimbia. Ukikusanya watu wazima peke yao utaona grafu imelala ukadhani ugonjwa ni mpole, kumbe viungo vilishaisha kufunga.

Na jua wanachofia. Kifua kinafungwa na mfupa, mapafu yanashindwa kutanuka, moyo unachoka, nimonia inamaliza. Harry Eastlack, mgonjwa wa FOP wa Philadelphia, alifariki Novemba 1973 kwa nimonia, siku chache kabla ya kufikisha miaka 40, na alikuwa anaweza kusogeza midomo tu. Yeye mwenyewe alitaka mwili wake usaidie utafiti, na mifupa yake ipo jumba la makumbusho la Mütter hadi leo, madaktari wanaendelea kujifunza kutoka kwake. Kipimo cha kifua kisikose kwenye mpango wako.

Hatua ya 2: hakikisha ni FOP kweli, bila kukata kitu

Angalia vidole gumba vya miguu. Mtoto wa FOP karibu siku zote anazaliwa navyo vifupi na vimepinda kuelekea vidole vingine, vyote viwili. Kidole hicho pamoja na uvimbe unaokuja haraka mgongoni au shingoni vinatosha kukufanya usimame, usiagize biopsi (kukata kipande cha nyama kupima), usimpeleke upasuaji. Thibitisha kwa kipimo cha jeni, damu ya mshipa au mate inatosha, kama hospitali yako haina kipimo hicho, sampuli inaweza kutumwa nje.

Nakaa hapa kidogo maana inauma. Uchunguzi uliotoka 2005 uliouliza wagonjwa 138 ulionyesha asilimia 87 waliambiwa ugonjwa mwingine kwanza, wengi wakiambiwa ni kansa, asilimia 67 walifanyiwa vitu vya kukata au kuchoma ambavyo hawakuvihitaji, na karibu nusu walipoteza uwezo wa kusogea moja kwa moja kwa sababu ya hivyo vipimo na matibabu. Ilikuwa inachukua wastani wa miaka 4 kupata jibu sahihi. Kwa hiyo kwenye fomu yako weka sehemu ya historia ya uchunguzi: aliambiwa nini, na nani alimchoma wapi, na baada ya hapo nini kilitokea. Hiyo nayo ni sehemu ya mwenendo wa ugonjwa, sio porojo za familia.

Kwa huku kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la chanjo. Pentavalenti inachomwa kwenye msuli wa paja wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na wakati huo hakuna anayejua mtoto ana FOP. Nesi wa wodi ya wazazi akiangalia tu vidole gumba vya miguu siku ya kuzaliwa tungewahi wengi. Weka swali la chanjo kwenye historia, sehemu iliyochomwa, kama ilivimba na kukaa ngumu.

Hatua ya 3: andika swali moja

Usitake kujua yote. Chagua kimoja kikuu, mfano mfupa mpya unaongezeka kiasi gani kwa mwaka kwa watoto, au viungo gani vinafungwa lini. Vingine vyote viwe vya pili.

Afu chagua njia. Unaweza kurudi nyuma, yaani faili za zamani, eksirei za zamani, mahojiano ya kumbukumbu. Ni rahisi na haraka lakini mama anakumbuka shambulio (yaani sehemu kuvimba ghafla na kukaza) kubwa na anasahau dogo, na faili nyingi hazina vipimo. Au unaweza kwenda mbele, unamuandikisha mtu leo unamfuata miaka kadhaa. Hii ni ghali ila ndo inaaminika. Kuna utafiti wa njia ya kwanza uliotoka 2016 ambao wagonjwa 500 wa nchi 45 walijibu maswali kuhusu mashambulio yao, na kuna wa njia ya pili ulioanza mwishoni mwa 2014 chini ya kampuni ya Clementia ukafuata watu 114 kwa hadi miezi 36. Isome yote miwili kabla hujaandika protokali yako, na tumia vipimo vyao vilevile, usibuni vyako, maana namba zako zisipolingana na za wenzako hazitaunganishwa na za mtu yeyote na wagonjwa ni wachache mno kwa kila mtu kuwa na mizani yake.

Hatua ya 4: kuwapata watu

Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, Kenya 2019 ilikuwa milioni 47.6. Piga hesabu ya mmoja kwa milioni, hawa watu wapo, tena makumi, ila wako chini ya majina mengine kwenye faili. Wengine wapo nyumbani wanaambiwa wamerogwa. Pita kliniki za mifupa, za rumatolojia (magonjwa ya viungo), za watoto wenye ulemavu, za kansa ya watoto, ongea na mafundi wa eksirei maana wao wanakumbuka picha ya ajabu kuliko daktari anavyokumbuka jina.

Waunganishe na IFOPA, chama cha kimataifa cha FOP kilichoanzishwa 1988 na mgonjwa mwenyewe, Jeannie Peeper. Wana rejista ya dunia iliyoanza 2015 ambayo mgonjwa anaweza kujaza mwenyewe. Hata kama utafiti wako hautapata pesa, mgonjwa aliyeingia kwenye rejista hajapotea.

Hatua ya 5: ruhusa na ridhaa

Bongo unapitia NIMR, Kenya NACOSTI pamoja na kamati ya maadili iliyosajiliwa, Uganda UNCST, hizi ndo taasisi za serikali zinazotoa kibali cha utafiti. Anza mapema. Sheria za taarifa binafsi nazo zipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, na kwa FOP ni nzito kuliko unavyodhani kwa sababu ukiandika "mvulana wa miaka 9 wa mkoa fulani" umeshamtaja, yuko peke yake mkoa mzima. Kwenye ripoti andika rika, sio umri kamili, na usitaje mkoa. Picha za mgongo hata kama sura haionekani bado watu wa mtaani kwao watamjua.

Ridhaa isomwe kwa lugha ya nyumbani kwao. Mtoto anayeweza kuelewa aulizwe na yeye pia, akikataa siku hiyo basi, hata kama baba ameshasaini. Na sema wazi: huu utafiti hautamtibu. Familia ambayo imezunguka miaka hospitali hadi kwa waganga itasikia neno utafiti itasikia dawa, rudia hilo mpaka uone wameelewa.

Hatua ya 6: vipimo vyenyewe

Hapa ndo moyo wa kazi.

Kipimo cha kwanza kinaitwa CAJIS, yaani alama za jumla za viungo vilivyokaza, hakihitaji mashine, hata zahanati unafanya ndani ya dakika chache. Unaangalia sehemu 15: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, nyonga, goti na kifundo cha mguu, kulia na kushoto, hizo ni 12, halafu taya, shingo, na uti wa mgongo wa kifua hadi kiuno. Kila sehemu unaipa 0 kama inasogea kawaida au imepungua chini ya asilimia 10, 1 kama imepungua kiasi, 2 kama imefunga kwa zaidi ya asilimia 90. Jumla inaenda 0 hadi 30. Kosa linaloharibu kila kitu ni kumvuta mgonjwa mkono ili uone unafika wapi. USIVUTE. Yeye mwenyewe asogeze mpaka anapofika, wewe unaangalia, basi. Kuvuta kiungo kwa nguvu kunaweza kuamsha shambulio, na hilo linawahusu pia wenzetu wa fiziotherapia ambao tumezoea kunyoosha.

Udhaifu wake ni kwamba namba 1 ni pana mno, bega linaweza kupoteza nusu ya uwezo kati ya ziara mbili na bado likabaki 1. Kwa hiyo kando ya CAJIS pima kwa rula nafasi ya kati ya meno ya mbele mdomo ukifunguliwa, na pima kwa utepe kifua kinapotanuka akivuta pumzi na akitoa. Utepe haugharimu kitu na unakupa taarifa ya kile kitakachomuua.

Cha pili ni dodoso la uwezo wa mwili, FOP-PFQ, lina la watu wazima na la watoto. Linauliza mambo ya kuvaa, kula, kuoga, kutembea. Ukilitafsiri lisitafsiriwe na mtu mmoja usiku, fanya tafsiri, mwingine airudishe kwenye lugha ya kwanza, linganisha, kisha jaribu kwa familia. Kuna maswali hayatakaa, mtu anayechuchumaa chooni na mtu anayekaa kwenye sinki hawana shida ileile, weka swali la nyongeza pembeni ila usifute la asili.

Cha tatu ni picha. Utafiti wa watu 114 ulitumia siti skani ya mwili mzima ya mionzi midogo, bila kichwa, ili kupima ujazo wa mfupa uliozidi. Hiyo ndo namba ambayo dunia inaamini sasa. Kama huna uwezo nayo, eksirei za sehemu zilezile kwa mkao uleule kila mwaka ni bora kuliko siti moja nzuri isiyorudiwa. Wasomaji wa picha wawe wawili, kila mmoja peke yake, wasijue ipi ya mwaka gani. Na mionzi ihesabiwe, hawa ni watoto watakaopigwa picha maisha yao yote, usipige kwa sababu tu mashine ipo.

Ongeza usikivu, maana karibu nusu yao masikio yanapungua na mtoto anaitwa mzito shuleni kumbe hasikii. Uliza pia kuhusu mawe kwenye figo, kwao yanatokea zaidi kuliko kwa watu wengine.

Hatua ya 7: daftari la mashambulio

FOP haiendi kidogokidogo kila siku. Inalala, halafu ghafla sehemu inavimba, inakuwa moto, inauma, inakaza, ndani ya wiki chache mfupa umeota. Ukimuona mgonjwa mara moja kwa mwaka umekosa karibu yote. Mpe familia daftari au group ya WhatsApp ya mtu mmojammoja (sio ya wagonjwa wote pamoja, kumbuka siri), na simu ya kila mwezi kutoka kwa mtu yuleyule.

Uliza hivi, "Mama, tangu tulipoongea kuna sehemu imevimba au imekaza?" halafu nyamaza umsikilize. Baadae ndo unaingia kwenye vipengele: sehemu gani, tarehe ilianza, kulikuwa na kuanguka, sindano, mafua, au hakuna kitu, maumivu 0 hadi 10, dawa alizotumia, iliisha lini, baada ya kuisha kiungo kimebaki vipi. Mwambie apige picha na rula pembeni. Mafua yaandikwe, kwa sababu homa za virusi ni kichochezi kinachojulikana. Ikiwezekana picha ya hospitali ifanyike baada ya wiki 12, hapo mfupa kama upo unaonekana.

Kwenye ule utafiti, watu 82 kati ya 114 walipata mashambulio 229, mengi mgongo wa juu, nyonga na mabega. Lakini kuna shambulio linapita bila mfupa, na kuna mfupa unaota bila mtu kuhisi shambulio lolote. Ndo maana daftari peke yake halitoshi na picha peke yake haitoshi, ukiegemea moja utasema uongo bila kukusudia.

Hatua ya 8: siku ya ziara, usimuumize

Hakuna sindano ya msuli, kwa sababu yoyote. Damu ichukuliwe na mtu mwenye mkono mwepesi kwenye mshipa, mara moja, na tourniketi (kamba ya kufunga mkono) isikazwe sana. Hakuna sindano ya ganzi ya taya kwa meno. Sakafu iwe kavu, ngazi ziepukwe, mtu asiyeweza kunyoosha mikono akianguka hajikingi, anaangukia kichwa. Kitanda cha siti skani kipangwe mito kabla, mtu aliyeganda akiwa amekaa halali chali kama wewe, mfundi wa mashine aambiwe jana yake sio mlangoni.

Mpe kadi ya dharura yenye maandishi makubwa: asichomwe msuli, asikatwe biopsi, simu ya daktari wake. Huku kwetu ongeza mstari wa malaria, akipata malaria kali artesunati ipite kwenye mshipa. Kadi hiyo inaweza kumsaidia kuliko utafiti wako wote.

Na lipa nauli. Familia inakodi gari zima kwa sababu mtoto hakunji kiuno, haiwezi kupanda daladala. Kama unaweza, wewe ndo uende kwao, na mtoto aletwe hospitali kwa ajili ya picha tu.

Hatua ya 9: kuchambua

Gawa kwa umri kwanza, kila kitu kwa umri. Chini ya miaka 8, 8 hadi 14, 15 hadi 24, 25 kuendelea, hayo makundi yanasomeka vizuri. Usitangaze wastani peke yake, wengi kwa mwaka mmoja wanapata kidogo na wachache wanapata mfupa mwingi sana, onyesha kila mtu na nukta yake.

Andika walioondoka na kwa nini. Kati ya wale 114, waliofika ziara ya mwisho ni 33, wengi wa walioondoka wakiwa wamehamia kwenye majaribio ya dawa, na hilo ni jambo jema kwao ila linapunguza picha. Waliofariki wasifutwe kwenye hesabu.

Na amua njia ya hesabu kabla hujaona namba, huku umefikiria vizuri namba zenyewe zikoje. Jaribio la dawa ya palovarotene lililoitwa MOVE lililinganisha wagonjwa waliopewa dawa na hawa hawa wa utafiti wa mwenendo. Januari 2020 dawa ilisimamishwa kwa sababu hesabu iliyopangwa mwanzo, iliyotumia kipeuo cha pili cha ujazo wa mfupa, ilionyesha hakuna matumaini. Walipoangalia bila kile kipeuo wakaona waliopewa dawa walipata mfupa mpya sentimita za ujazo 9.4 kwa mwaka dhidi ya 20.3 kwa wasiopewa. Data ni zilezile. Kanada ikaruhusu 2022, Marekani Agosti 2023, kwa wasichana kuanzia miaka 8 na wavulana kuanzia 10 maana kwa wadogo inafunga sehemu za kukulia za mifupa mapema, na Ulaya wakaikataa 2023. Watu 114 waliokubali kupimwa bila kupewa kitu ndo waliofanya mjadala huo uwezekane.

Hatua ya 10: rudisha majibu

Kila familia ipate karatasi yake, CAJIS ya mwaka jana na ya mwaka huu, picha zake kwenye flash, na maelezo kwa Kiswahili cha kawaida. Kama kiungo kimeshuka kutoka 1 kwenda 2 usimwambie mzazi kwa meseji, mpigie au mfuate. Waelekeze shule pia, dawati la kusomea akiwa amesimama, muda wa ziada wa mtihani, rafiki wa kubeba begi. Halafu panga tarehe ya ziara inayofuata palepale kabla hawajaondoka, na andika namba tatu za simu, ya mama, ya baba, na ya jirani au shangazi ambaye habadilishi laini.